Kuchelewesha Muungano: Historia ya Jitihada za Kudhibiti Kuzuka kwa Kundi Kuu katika Mitandao Changamani, 1951–2011

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya swali moja la hisabati: je, mtu anayejenga mtandao kwa kuongeza kiungo kimoja baada ya kingine anaweza kuamua ni lini sehemu kubwa ya mtandao huo itaungana kuwa kitu kimoja? Inaanzia katika tafiti za grafu nasibu za miaka ya 1950, inapitia swali la Dimitris Achlioptas la mwaka 2000, na kuishia katika mgogoro wa kitaaluma wa miaka 2009 hadi 2011. Inajenga hoja kwamba historia hii haipaswi kusomwa kama kisa cha kosa lililosahihishwa tu. Funzo lake kuu ni kwamba wakati wa muungano unaweza kudhibitiwa, lakini kila ucheleweshaji hulipiwa kwa ghafla ya muungano wenyewe.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hii imebeba dhana mahususi kuhusu ukuaji. Kila punje huongeza kiasi kilekile, hivyo anayekitazama kibaba anaweza kukadiria kitajaa lini. Mitandao haikui kwa namna hiyo. Viungo vingi vinaweza kuongezwa bila mabadiliko yoyote ya jumla kuonekana, kisha viungo vichache vinavyofuata, visivyo tofauti kwa lolote na vile vya awali, vikauunganisha umma mzima wa nodi.

Jambo hili lina uzito nje ya hisabati. Katika mtandao wa mawasiliano, muungano ndio lengo, na mjenzi hutamani uje mapema kwa gharama ndogo. Katika mtandao wa maambukizi, muungano ndio hatari, na mganga hutamani usije kabisa au uchelewe. Wote wawili wanauliza swali lilelile: je, kuzuka kwa muungano kunaweza kutawaliwa na mtu asiyeuona mtandao wote, bali ana uwezo wa kuchagua kidogo tu katika kila hatua?

Makala hii inajibu swali hilo kwa kufuata historia yake. Inafanya hivyo kwa sababu jibu lilipatikana kwa njia ya mzunguko: dai lililotolewa mwaka 2009 likiungwa mkono na ushahidi wa kompyuta uliokuwa mzito lilikanushwa kwa ithibati mwaka 2011. Namna dai hilo lilivyozaliwa na lilivyoanguka inaeleza mengi kuhusu mipaka ya ushahidi katika taaluma hii.

2.0 Istilahi

Katika makala hii, nodi ni kitu chochote kinachoweza kuunganishwa, kiwe mtu, kompyuta au kituo cha umeme. Kiungo ni uhusiano baina ya nodi mbili. Kundi ni mkusanyiko wa nodi ambazo kila moja inaweza kuzifikia nyingine zote kwa kupitia viungo. Kundi kuu ni kundi ambalo linashika sehemu maalumu ya nodi zote, hata mtandao ukuzwe kiasi gani; kundi la nodi elfu moja si kundi kuu iwapo linabaki kuwa elfu moja huku mtandao ukifikia mamilioni. Kizingiti ni idadi ya viungo ambayo kundi kuu huzuka inapofikiwa. Idadi ya nodi zote inawakilishwa na herufi n.

Mpito huitwa mwendelevu endapo ukubwa wa kundi kuu huanzia sifuri kwenye kizingiti na kupanda bila kukatika. Huitwa mruko endapo kundi kuu huzuka likiwa tayari na sehemu kubwa ya mtandao. Tofauti hii ndiyo kiini cha mgogoro utakaosimuliwa.

3.0 Kizingiti kabla ya udhibiti, 1951–1960

Wazo la kizingiti cha muungano lilijitokeza katika taaluma kadhaa ambazo hazikuwa zikizungumza. Mwanakemia Paul Flory alilikabili katika miaka ya 1940 alipochunguza jinsi molekuli ndogo zinavyofungamana hadi kimiminika kikageuka utelezi mzito. Mwaka 1951, Ray Solomonoff na Anatol Rapoport walichapisha makala kuhusu mitandao nasibu katika jarida la fizikia ya kibayolojia, wakabaini kwamba hali ya mtandao hubadilika kimsingi pale wastani wa viungo kwa kila nodi unapopita 1. Mwaka 1957, Simon Broadbent na John Hammersley wa Uingereza waliasisi nadharia ya upenyezaji. Chanzo kimojawapo cha nadharia hiyo kilikuwa swali la kivitendo kuhusu makaa yanayotumika katika barakoa za kuzuia gesi: gesi itapenya hadi ndani ya makaa iwapo vitundu vyake vimeungana kiasi gani?

Hata hivyo, waliolipa wazo hili umbo lake la kudumu ni wanahisabati wawili wa Hungaria, Paul Erdős na Alfréd Rényi, katika makala zao za mwaka 1959 na 1960. Katika makala ya pili walifuatilia grafu nasibu tangu ikiwa haina kiungo hata kimoja, kana kwamba wanaandika wasifu wa kiumbe kinachokua. Viungo vinaongezwa kimoja kimoja kwa bahati nasibu, bila upendeleo wowote. Waligundua kwamba kizingiti hufikiwa idadi ya viungo inapokuwa nusu ya idadi ya nodi.

Mfano wa tarakimu unaonyesha maana ya ugunduzi huo. Tuchukue mtandao wa nodi 1,000,000. Viungo vinapofika 450,000, kundi kubwa kuliko yote kwa kawaida halifikii hata asilimia 1 ya nodi. Viungo vinapofika 550,000, kundi kuu lina takribani asilimia 17.6 ya nodi zote, yaani nodi zipatazo 176,000. Viungo vinapofika 1,000,000, kundi hilo linakaribia asilimia 80. Mabadiliko ni makubwa, lakini ni mwendelevu: ukikaribia kizingiti kutoka juu, ukubwa wa kundi kuu hushuka pole pole hadi sifuri.

Katika picha ya Erdős na Rényi hakuna mtu anayechagua. Kizingiti ni sheria ya bahati nasibu yenyewe, na mtafiti ni shahidi tu. Takribani miaka 40 ilipita kabla swali la udhibiti kuulizwa kwa uwazi.

4.0 Swali la mwaka 2000

Mwanasayansi wa kompyuta Dimitris Achlioptas aliuliza mwaka 2000 swali ambalo ni jepesi kueleweka. Tuseme kwamba katika kila hatua bahati nasibu haileti kiungo kimoja bali viwili, na mjenzi anaruhusiwa kukubali kimoja na kutupa kingine, bila kujua vitakavyokuja baadaye. Je, uhuru huu mdogo unatosha kusogeza kizingiti?

Swali hilo lilikuwa na mtangulizi katika sayansi ya kompyuta. Mwaka 1994, Azar, Broder, Karlin na Upfal walikuwa wameonyesha kwamba ukigawa mipira katika ndoo kwa bahati nasibu, lakini kila mara ukaangalia ndoo mbili na kuchagua yenye mipira michache, mzigo wa ndoo iliyojaa kuliko zote hupungua kwa kiasi kikubwa mno. Chaguo moja dogo, likirudiwa mara nyingi, lilikuwa na nguvu isiyotarajiwa. Achlioptas alitaka kujua kama nguvu hiyo ipo katika mitandao pia.

Tom Bohman na Alan Frieze walijibu mwaka 2001. Walithibitisha kwamba upo utaratibu wa kuchagua unaozuia kundi kuu hadi viungo vifike 0.535n, ilhali bila kuchagua lingezuka kwenye 0.5n. Nyongeza hiyo ni ndogo, lakini maana yake ni kubwa: kizingiti hakikuwa tena amri isiyopingika. Mwaka 2007, Joel Spencer na Nicholas Wormald walipanua uchunguzi huo kwa familia pana ya kanuni zinazozingatia ukubwa wa makundi, wakaonyesha jinsi ya kukadiria kwa milinganyo ni kwa kiasi gani kuzuka kwa kundi kuu kunaweza kucheleweshwa au kuharakishwa.

Ni muhimu kutambua kwamba ucheleweshaji una mwisho. Hoja yake haihitaji hisabati nzito. Maadamu makundi yote ni madogo yakilinganishwa na mtandao, karibu kila kiungo kinacholetwa na bahati nasibu huunganisha makundi mawili tofauti, kwa kuwa ni nadra ncha zake mbili kuangukia ndani ya kundi lilelile dogo. Basi karibu kila hatua hupunguza idadi ya makundi kwa moja. Mtandao ulianza na makundi n, kila nodi ikiwa peke yake. Kwa hiyo haiwezekani kuongeza viungo zaidi ya takribani n huku makundi yote yakiendelea kuwa madogo. Mjenzi anaweza kuomba muda, lakini hawezi kuomba milele.

5.0 Mwaka 2009: dai la mruko

Kufikia hapo swali lilikuwa ni lini kundi kuu litazuka. Machi 2009, Achlioptas, Raissa D'Souza na Spencer walichapisha katika jarida la Science makala iliyobadilisha swali hilo kuwa litazuka vipi.

Walitumia kanuni ya zao. Katika kila hatua viungo viwili huletwa. Kwa kila kimoja, ukubwa wa kundi lililo kwenye ncha yake ya kwanza huzidishwa kwa ukubwa wa kundi lililo kwenye ncha ya pili. Kiungo chenye zao dogo hukubaliwa, kingine hutupwa. Kanuni hii huyapendelea makundi madogo na kuyazuia makubwa yasikutane. Uigaji wa kompyuta ulionyesha kwamba kizingiti kilisogea hadi takribani 0.888n, mbali kabisa na 0.5n.

Lakini lililowashtua wasomaji lilikuwa jambo jingine. Watafiti hao walipima idadi ya viungo vinavyohitajika ili kundi kubwa kuliko yote likue kutoka ukubwa wa kipeuo cha pili cha n hadi nusu ya nodi zote. Katika ukuaji wa kawaida wa Erdős na Rényi, idadi hiyo huongezeka sambamba na n. Chini ya kanuni ya zao, vipimo vilionyesha kwamba inakua polepole zaidi, kwa kadiri ya n iliyopandishwa kwa kipeo cha theluthi mbili. Kwa nodi 1,000,000, kiasi hicho ni 10,000, yaani asilimia 1 tu. Na kadiri mtandao unavyokuzwa, sehemu hiyo inazidi kufifia. Hitimisho lilionekana kuwa wazi: kwenye ukomo, nusu ya mtandao ingeungana papo hapo. Waliuita upenyezaji wa mlipuko.

Mitandao iliyoigwa ilikuwa na mamilioni ya nodi, na mwelekeo wa vipimo ulikuwa safi. Hapakuwa na uzembe wala udanganyifu. Hata hivyo, ushahidi wenyewe ulikuwa wa aina moja tu: mitandao yenye kikomo ilitumika kusema jambo kuhusu mtandao usio na kikomo.

6.0 Kusahihishwa kwa dai, 2010–2011

Shaka ya kwanza yenye nguvu ilitoka Ureno. Mwaka 2010, da Costa, Dorogovtsev, Goltsev na Mendes wa Chuo Kikuu cha Aveiro walichunguza kanuni iliyo jamaa ya kanuni ya zao, ambayo inawezekana kuichambua kwa milinganyo badala ya uigaji peke yake. Walipata kwamba mpito ni mwendelevu. Ukubwa wa kundi kuu hupanda kwa kadiri ya umbali kutoka kwenye kizingiti, umbali huo ukiwa umepandishwa kwa kipeo cha takribani 0.0555.

Udogo wa kipeo hicho ndio unaoeleza yaliyotokea mwaka 2009. Katika ukuaji wa kawaida kipeo ni 1. Ukisogea sehemu moja ya milioni kupita kizingiti, kundi kuu nalo linakuwa na ukubwa wa kadiri ya milioni moja ya mtandao. Kwa kipeo cha 0.0555, umbali uleule wa sehemu moja ya milioni, ukiacha kizidishi kinachotegemea kanuni, unatoa takribani 0.46, karibu nusu ya mtandao mzima. Kundi hilo lilipanda kutoka sifuri bila kukatika, lakini lilifanya hivyo ndani ya upenyo mwembamba kiasi kwamba mtandao wa nodi milioni kadhaa hauna punje za kutosha kuuonyesha. Kompyuta haikukosea katika kupima. Iliombwa kuona kitu kilicho chini ya uwezo wa jicho lake.

Julai 2011, tena katika jarida la Science, Oliver Riordan na Lutz Warnke walileta ithibati. Walionyesha kwamba kila kanuni ya aina hii inayochagua miongoni mwa idadi isiyobadilika ya nodi, iwe ni kanuni ya zao au nyingine yoyote, huleta mpito mwendelevu. Mantiki ya ithibati hiyo inaweza kuelezwa kwa maneno. Ili mruko utokee, lazima kabla yake yalimbikizwe makundi mengi ya ukubwa wa kati ambayo kwa pamoja yanashika sehemu maalumu ya nodi zote, mithili ya pipa la baruti linalosubiri cheche. Lakini sehemu hiyo ikishakuwepo, mara kwa mara nodi zote zinazoletwa kwa mjenzi huangukia ndani ya makundi hayohayo. Hapo kanuni haina pa kukimbilia: lolote itakalochagua, itakuwa imeyaunganisha mawili kati yao. Baruti huanza kuungua wakati ingali inakusanywa.

Riordan na Warnke walionyesha pia mpaka wa matokeo yao. Iwapo idadi ya machaguo inaruhusiwa kuongezeka kadiri mtandao unavyokua, mruko wa kweli unaweza kupatikana. Mfano uliokithiri ni mjenzi anayeuona mtandao wote na kuunganisha kila mara makundi mawili madogo kuliko yote. Mtandao wenye idadi ya nodi iliyo kipeo cha 2 hugeuka kuwa jozi, kisha nne nne, kisha nane nane, hadi yabaki makundi mawili yaliyo sawa. Na kiungo cha mwisho kabisa huyaunganisha kwa mara moja.

7.0 Mjadala: gharama ya kuchelewesha

Ni rahisi kuhitimisha kwamba makala ya 2009 ilikosea na ya 2011 ikarekebisha. Kuhusu neno mruko, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Lakini usimulizi huo unaficha mambo mawili.

La kwanza, swali la mwaka 2000 lilihusu udhibiti, na jibu lake halikutikiswa na ithibati ya 2011. Chaguo dogo linaweza kusogeza kizingiti, na linaweza kukisogeza mbali. Kilichodhihirika katika miaka iliyofuata ni gharama yake. Tuchukue mitandao miwili ya nodi 1,000,000. Wa kwanza una kundi moja la nodi 500,000, na nodi nyingine zote ziko peke yake. Ili kuuunganisha wote, viungo 500,000 vinahitajika. Wa pili umegawanyika katika makundi 1,000 yenye nodi 1,000 kila moja. Huu unahitaji viungo 999 tu. Anayeutazama wa pili ataona utulivu, kwa kuwa hakuna kundi lililozidi sehemu moja ya elfu. Kumbe ndio ulio karibu zaidi na muungano kamili. Kanuni inayochelewesha kundi kuu ndiyo hiyohiyo inayozalisha hali hii ya pili, kwa sababu kuwazuia wakubwa maana yake ni kuwalea wa kati. Mjenzi aliyejaliwa machaguo machache hawezi kupata muungano uliochelewa sana na ulio wa pole pole kwa wakati mmoja.

La pili, hakuna mtandao wa maisha usio na kikomo. Mhandisi au mtaalamu wa afya ya jamii anafanya kazi na nodi elfu, laki au milioni. Kwake yeye, mpito ambao ni mwendelevu kwenye ukomo lakini unaliunganisha nusu la mtandao ndani ya sehemu moja ya mia ya viungo hautofautiani kivitendo na mruko. Ithibati ya 2011 ni sahihi, na vipimo vya 2009 navyo ni sahihi. Vinajibu maswali mawili tofauti. Kosa lilikuwa katika kuruka kutoka swali moja hadi jingine bila daraja.

Tahadhari inahitajika katika kuyahamisha matokeo haya. Mitandao ya watu na ya umeme haijengwi kwa kanuni ya zao, wala udhibiti wake haufanani. Mwaka 2003, Reuven Cohen, Shlomo Havlin na Daniel ben-Avraham walipendekeza njia ya chanjo isiyohitaji ramani ya mtandao wote: mtu huchaguliwa kwa bahati nasibu, huombwa amtaje mtu anayemfahamu, na huyo aliyetajwa ndiye anayechanjwa, kwa kuwa wenye mahusiano mengi hutajwa mara nyingi zaidi. Hapa pia chaguo dogo la mahali hubadilisha hatima ya jumla, lakini kwa kuondoa nodi badala ya kuchagua viungo. Mwaka 2010, Buldyrev na wenzake walichambua mitandao inayotegemeana, wakirejelea kuzimika kwa umeme nchini Italia tarehe 28 Septemba 2003, wakaonyesha kwamba mitandao ya namna hiyo inaweza kusambaratika kwa mruko halisi. Hivyo kukanushwa kwa mruko katika familia moja ya kanuni si kukanushwa kwake kila mahali.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba wazo la kuzuka kwa muungano lilipita hatua tatu. Kwa Erdős na Rényi lilikuwa sheria ya bahati nasibu. Kwa Achlioptas, Bohman na Frieze likawa jambo linaloweza kusogezwa. Baada ya mgogoro wa 2009 hadi 2011 likawa mapatano baina ya wakati na kasi: anayenunua muda hulipa kwa ghafla.

Kwa watafiti, historia hii inadai uangalifu wa aina mbili. Uigaji wa kompyuta, hata uwe mkubwa, unahitaji kuambatana na hoja inayoeleza kwa nini kinachoonekana katika mamilioni kitadumu kwenye ukomo. Na ithibati kuhusu ukomo inahitaji kuambatana na kadirio la kinachotokea kabla ya kuufikia. Kwa wanaosimamia mitandao halisi, ukubwa wa kundi kubwa kuliko yote hautoshi kuwa kipimo cha usalama. Pale ambapo muungano umecheleweshwa kwa makusudi, swali la kuuliza kwanza ni makundi mangapi ya ukubwa wa kati yamekwisha kulimbikizwa.